Madoa Yaliyotoka Chumba cha Maombi

Nina miaka thelathini na minane, sijaolewa, nina mama mmoja tu, na nilikuwa na kaka mmoja tu. Nasema "nilikuwa" ingawa yuko hai, anakula, anapanda pikipiki na kuvaa viatu vilivyong'arishwa. Kwangu mimi amekwisha. Naandika haya nikiwa na hasira, wasomaji wenzangu, na sitaificha. Wanaonishauri nisamehe kwanza ndipo niandike, wangoje… Nimeamua kuandika kwanza!

Naitwa Kapinga. Nilizaliwa Dilala, hapa Kolwezi, katika mojawapo ya zile nyumba za zamani za kampuni ya migodi: kuta za matofali, veranda ndogo mbele, paa la bati, mparachichi katika ua wa mbele. Tata, ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu, na hata mzee yeyote wa heshima, alikuwa mpiga picha wa kampuni. Mfanyakazi aliyehitaji picha ya kadi alikaa mbele yake. Wakati watu wengi wenye asili ya Kasai kama sisi walipofukuzwa huku Katanga, wakapanda treni kwa hofu na kurudi kwenye nchi ya babu zao, tata alikataa kutoka. Alifunga mlango, akakaa ndani na mama yetu, akasema atatoka humo siku ya kubebwa tu.

Na kweli alitoka humo akiwa amebebwa, miaka mingi baadaye, nyumba ikiwa imeshakuwa yake. Alimwachia mama. Mama hana pensheni, hana shamba, hana ndugu wa karibu aliyebaki. Ana nyumba ile. Kila asubuhi alifagia veranda yake kabla hajanawa uso. Ikumbukeni nyumba hiyo, maana mkasa huu wote ni wake.

Mimi tata aliniachia ufundi. Alinifundisha kutengeneza kamera ya tundu: sanduku la mbao au kopo la maziwa ya unga, limepakwa rangi nyeusi ndani, na mbele yake kipande cha bati la kopo la bia kilichotobolewa kwa ncha ya sindano. Haina kioo wala betri. Mwanga unapenya pale kwenye katundu, polepole, unaandika kwenye filamu. Anayepigwa picha lazima atulie dakika kadhaa kama yuko kanisani. Akitikisika anafifia, na anayepita hatoki kabisa. Tata alikuwa akicheka sana kwa jambo hilo. Alisema jogoo wa jirani anaweza kupita mbele ya kamera asubuhi nzima, na kwenye picha hutaona hata unyoya wake, kwa sababu hajui kutulia.

Mtaniuliza, nani anataka picha za namna hiyo siku hizi, kila mtu ana simu? Wazee wanataka! Wastaafu wa migodi na wake zao hapa Dilala walikuwa wakivaa suti zao za zamani, wanatoa viti kwenye veranda, wanakaa mbele ya nyumba zao na kutulia. Walisema simu inapiga kwa haraka mno, haimpi mtu nafasi ya kuwa yeye. Filamu nilikuwa naisafisha mwenyewe nyumbani, kwenye stoo iliyokuwa chumba cha giza cha tata, kisha naitundika humohumo kwenye uzi ikauke. Stoo ile ilipakana na chumba cha katikati cha nyumba. Juu ya ukuta, karibu na dari, palikuwa na matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Yashikeni hayo matundu akilini.

Sasa aje Célestin.

Célestin ni kaka yangu mkubwa, yaya wangu, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu huku. Kwa miaka alizunguka kwenye machimbo na wale wachimbaji wa mikono tunaowaita creuseurs, mara upande wa Kingamyambo, mara mbali zaidi, na habari zake tulizipata kwa wapita njia. Siku moja akatokea mlangoni, amekonda, Biblia kwapani. Alimwambia mama kwamba ameacha mashimo na amempata Mungu. Mama yangu alilia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Alimchinjia kuku aliyekuwa anataga!

Haikuchukua muda, Célestin akaomba chumba cha katikati kwa ajili ya kundi la maombi. Huku kwetu hilo si jambo la ajabu. Karibu kila mtaa una nyumba ambamo watu wanakutana kusali na kufunga. Na kundi likiwa kwenye mfungo, mtu wa nje haingii, ndiyo desturi. Viatu vinaachwa mlangoni, madirisha yanafunikwa mablanketi ili macho yasitangetange. Mama alikubali kabla Célestin hajamaliza sentensi.

Wakaja wanaume. Wamevaa mashati meupe, Biblia mkononi, begi mgongoni. Waliimba kwa nguvu, wakapiga ngoma, wakapiga miguu, nyumba nzima ikatetemeka. Mama alikuwa akisimama jikoni na mwiko, macho yamejaa machozi ya furaha. Aliwapikia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, vya kufungulia. Pikipiki zilikuja uchochoroni upande wa nyuma, magunia yakaingia, magunia yakatoka. Célestin alisema ni mahindi ya sadaka kutoka Kasaji, ya kuwasaidia wajane.

Mahindi!

Ndipo madoa yakaanza.

Filamu ya kwanza kuharibika ilikuwa ya Tata Ilunga, dereva wa treni mstaafu, na mkewe. Walikaa vizuri mno, mikono magotini, hawakupepesa macho. Niliposafisha filamu na kuikausha, nikaiinua kwenye mwanga… Ilikuwa imejaa vidoa vyeusi, vidogo, vikali. Nilipoitoa picha kwenye karatasi, vikageuka vyeupe. Vilimkaa mzee usoni, shingoni, kwenye suti. Nikasema si neno, nitarudia. Kabla sijarudia, Tata Ilunga akafariki.

Mkewe alinijia siku za matanga kuiomba picha ile, maana hakuwa na nyingine ya uzeeni. Nilijitahidi kuziba vidoa kwa kalamu ya risasi, vikawa vingi kuliko mkono wangu. Aliishika, akaitazama mbele ya waombolezaji wote, kisha akanirudishia.

"Haiko ye huyu, mama," aliniambia taratibu. "Bwana yangu hakukuwa na ndui."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilirudi nyumbani nikaapa nitakijua chanzo cha madoa yale hata kama ni kulala ndani ya stoo.

Kwanza nilishuku mapovu. Ukimimina dawa kwenye kopo la kusafishia filamu bila kuligonga mezani, mapovu yananata kwenye filamu, na pale povu lilipo dawa haifiki. Lakini doa la povu ni la mviringo, limelainika pembeni, na kwenye filamu ni jeupe. Yangu yalikuwa meusi na yana ncha. Hata hivyo niligonga kopo mpaka meza ikalalamika. Madoa yakabaki.

Nikashuku maji. Maji yetu yana chokaa, nani asiyejua, tazama tu sufuria ya chai ilivyo ndani. Nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa cha pamba, na suuza ya mwisho nikatumia maji ya mvua niliyokuwa nimeyahifadhi. Chokaa ikikauka huacha alama kama machozi yaliyokauka shavuni. Yangu hayakuwa hivyo. Nikashuku dawa, labda unga haukuyeyuka. Nikaikoroga, nikaiacha itulie hadi kesho yake, nikaichuja tena kwa pamba. Hakuna! Nikashuku sanduku lenyewe, labda limetoboka mahali pengine. Lakini mwanga ukivuja huacha doa mahali palepale kwa kila picha, na madoa yangu yalitembea yapendavyo.

Na yaya wangu je? Ah! Yaya alinihurumia sana. Alikuwa akichungulia mlangoni mwa stoo na kutikisa kichwa.

"Maji njo inaharibisha yote, mudogo wangu," alisema. "Maji ya Kolwezi iko na bitu mingi ndani."

Akaninunulia maji ya chupa. Sikieni vizuri: aliniletea katoni ya maji ya chupa, akaibeba begani mwenyewe mpaka stoo, na mama akambariki kwa hilo! Nilimshukuru. Nilisafisha filamu ya watu kwa maji ya kunywa, maji ambayo mama yangu hajawahi kujinunulia hata akiwa na homa. Na kaka yangu alijua. Kila chupa aliyoniwekea mezani aliiweka akijua!

Kisha Célestin na kundi lake wakasafiri kwenda Lubumbashi kwenye mazishi ya mwenzao, ndivyo walivyosema. Nyumba ikanyamaza. Nikasafisha filamu kwa maji ya bomba, bila kuchemsha, kwa uchovu tu na kukata tamaa. Ikatoka safi. Safi kabisa! Nikasafisha ya pili, safi. Niliruka stoo nzima kama mtoto. Wakarudi, wakaanza kuimba, nikatundika filamu… madoa.

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa na kufikiri. Maji ni yaleyale, dawa ni ileile, mikono ni yangu. Kilichobadilika ni maombi.

Nikachukua sindano, nikabandua doa moja taratibu kutoka kwenye filamu, nikaliweka kwenye karatasi nyeupe chini ya lenzi ya mkono ya tata. Halikuwa doa. Ilikuwa chembe, imenata kwenye filamu ilipokuwa bado mbichi. Vumbi la barabara za Dilala ni jekundu, tunalijua, tunalila. Hili lilikuwa jeusi, na ndani yake punje za kijani. Mtoto yeyote wa Kolwezi angekuambia jina lake. Jeusi ni kobalti na kijani ni shaba. Je, mawe ya mgodi yanaingiaje katika stoo yangu, katikati ya Dilala, na milango imefungwa?

Niliinua macho. Nikayaona yale matundu ya hewa karibu na dari, na kingo zake zimekuwa nyeusi.

Nilimwendea mama kwa upole. Nilimweleza kuhusu siku za maombi na siku za kimya, nikamwonyesha chembe kwenye karatasi. Hakuitazama hata. Uso wake ulibadilika, sijawahi kumwona hivyo.

"Unasema maombi njo inaleta buchafu?" alifoka. "We Kapinga! Unatukana Mungu mu nyumba ya tata yako?"

Kumbe alienda moja kwa moja kumwambia Célestin. Jioni ile nikaitwa uani, chini ya mparachichi. Kundi zima lilikuwa limesimama kwa duara. Célestin akatoa sauti yake ya mahubiri, akaeleza kwamba madoa ni dalili, kwamba mimi nahifadhi vivuli vya wafu ndani ya nyumba na ndivyo vinavyolia kwenye filamu. Alitaja jina la Tata Ilunga, marehemu wa watu!

"Picha ya bafu, ya watu walikufa, yote tuchome," alisema. "Njo nyumba itapona."

Niliangalia mama aseme neno. Mama alifumba macho akaitikia amina.

Walibeba maboksi ya tata. Negativu, yaani filamu zilizokwisha kusafishwa, za wafanyakazi waliokaa mbele yake maisha yake yote, negativu zangu za wazee wa Dilala, zote zikatupwa kwenye moto. Mnajua filamu inavyoungua? Inajikunja, inatoa moshi mweusi unaonuka kwenye nguo hata ukifua. Mimi nilikuwa nimepigishwa magoti, na wale wanaume wakaniwekea mikono kichwani kunifukuzia pepo. Mikono mizito, yenye sugu, inanuka udongo wa chini. Nikafumbua macho. Vidole vilikuwa mbele ya pua yangu. Chini ya kila ukucha palikuwa na weusi, na kwenye ufa wa ngozi, kijani.

Hapo ndipo hasira hii ilipozaliwa, wasomaji. Haijalala tangu siku hiyo!

Nilichookoa ni kopo la tata la kusafishia na dawa yake, sanduku moja la mbao na filamu moja ya zamani isiyotumika bado, ambavyo nilivikimbizia kwa rafiki yangu Odette, fundi cherehani anayekaa mtaa wa pili. Siku iliyofuata, kundi lilipoanza kuimba, nikaingia stoo, nikapanda juu ya meza, nikaweka jicho kwenye tundu la hewa.

Wawili walikuwa wanaimba na kupiga ngoma. Wengine walikuwa wanachimba.

Sakafu ya tata, ile sementi nyekundu ambayo mama aliisugua kwa miaka kwa nta, ilikuwa imepasuliwa katikati. Palikuwa na shimo jeusi linaloweza kumeza mtu na ngazi yake. Mmoja alikuwa anavuta kamba, gunia likapanda, akalimwaga, vumbi likapaa hadi machoni mwangu. Mashati meupe yalikuwa yametundikwa kwenye misumari, safi kabisa. Na Célestin alikuwa ameketi ukingoni akila bukari ya mama yetu.

Kikulacho ki nguoni mwako… Nimelisikia neno hilo tangu utoto, nikadhani ni la watu wengine.

Nilimngojea uani. Sikumpigia kelele. Nilimwambia nimeona. Je, mnadhani aliona aibu? Hakuona! Alinivuta kando, akaniambia chini ya nyumba ile kuna utajiri, kwamba tata alilala juu yake maisha yake yote kama mjinga, na kwamba mama atajengewa nyumba ya ghorofa.

"Nyamaza tu, utapata yako," alisema. Nilipomjibu kwamba nitamwambia mama, alicheka. "Mama ataamini nani? Mi mwenye kusali, ao we mwenye pepo?"

Nilimwambia mama hivyohivyo. Nilimshika mkono, nikamvuta mpaka mlango wa chumba cha katikati, nikamsihi asukume tu, mara moja tu, aone. Mama aliketi chini, akaegemeza mgongo kwenye mlango ule na kuniziba njia. Alisema kuvunja mfungo wa watu wa Mungu ni kujiletea laana.

"Célestin alitoka mu mashimo, alirudia kwa Mungu," alilia. "We unataka arudie tena mu shimo?"

Mama wee! Shimo lilikuwa nyuma ya mgongo wake, ubao mmoja tu katikati!

Kuna watakaouliza mbona sikwenda kwa wakubwa wa mtaa. Nilikwenda mpaka kona, nikarudi. Siku hizo mama hakuwa anakula chakula nilichopika mimi. Nikiwaleta wageni wamkamate mwanawe mbele ya majirani, angekufa kwa aibu kabla nyumba haijaanguka. Yaya alilijua hilo pia. Alijificha nyuma ya kila kitu ambacho mama alikipenda.

Mvua zikaanza. Nilikuwa nalala kwa Odette, lakini kila asubuhi nilipita nyumbani kuangalia kuta. Ufa ulitokea kwenye veranda, nikaweza kuingiza ukucha. Baada ya mvua nyingine kubwa, niliweza kuingiza kidole. Mama alisema ni nyumba ya zamani, nyumba za zamani zinajinyoosha. Mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi tena.

Nikaona kwamba njia pekee ya kumtoa ndani, hata kwa asubuhi moja, ni kumwomba picha. Nilimwambia, mama, nimeacha mambo yote, sina ugomvi na mtu. Nataka tu picha moja ya wewe mbele ya nyumba ya tata, moja, kwa kuwa zile zingine ziliungua. Alilainika. Nadhani moshi ule ulikuwa umemkaa na yeye. Alivaa kitenge chake cha sikukuu, akafunga kilemba.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika, mawingu yangali mazito. Shimo lilikuwa limejaa maji, hivyo wale wachimbaji walikuwa nje, uchochoroni, wanapuliza vidole vyao. Nilikiweka kiti cha mama mbali kadiri alivyonikubalia, karibu na mparachichi, uso kwa kamera, nyumba nyuma yake. Sanduku nikaliweka juu ya tofali. Mwanga ulikuwa hafifu na filamu ni ya zamani, nikamwambia atulie kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikafungua tundu.

Mama alitulia. Alikuwa na uso mzuri siku hiyo, jamani, ule uso wa kabla Célestin hajarudi.

Nikasikia mlio, mdogo, kama mtu anavunja kuni ndani ya nyumba. Mama alidhani ni radi, na kwa kuwa nilimwambia asitikisike, hakutikisika! Niliruka, nikamkamata mabegani, nikamwangusha na kiti chake upande. Veranda ikainama. Ukuta wa mbele ukashuka kama mtu anayepiga magoti, bati likalia, na chumba cha mama pamoja na kitanda chake vikaingia chini. Vumbi likapanda, jeusi. Halikuwa jekundu hata kidogo.

Mama aliketi pale matopeni, miguu imenyooka, kilemba kimefunguka. Hakulia. Alikuwa anatazama tu mahali palipokuwa na mlango.

Célestin akaja akikimbia kutoka uchochoroni. Nilimwona nikasema moyoni, haidhuru, sasa atampigia mama magoti, sasa itakwisha. Wasomaji wenzangu… alimpita! Alimpita mama yetu aliyekaa matopeni, karibu amkanyage kitenge, akaenda moja kwa moja kwenye magunia yaliyokuwa chini ya ukuta wa pembeni. Akabeba la kwanza, akaliweka chini ya mparachichi. Akarudi. Akabeba la pili. Akawaita wenzake. Walipita, wakapita tena, mbele ya mama, nyuma ya mama, wakipanga magunia yao kwa uangalifu mkubwa. Hakumuuliza hata kama ameumia.

Nilipokumbuka sanduku, lilikuwa bado juu ya tofali, tundu wazi. Nililifunga, nikalibeba kwa mkono mmoja, mama nikamshika kwa mwingine, tukaenda kwa Odette.

Leo tunakaa kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Odette, mimi na mama. Mahali pa nyumba ya tata pamebaki shimo lenye maji ya kijani, watoto wanakatazwa kulisogelea. Célestin aliuza alichouza, akahamia mahali anapojua yeye. Hiyo ghorofa ya mama sijaona hata tofali lake. Wazee wa mtaa wanatumwa kwangu, wanasema damu ni nzito kuliko maji, tukae tunywe kikombe kimoja, yaishe. Nawajibu kwamba maji mimi nimeyachunguza sana. Hayakuwa na kosa.

Filamu ile ilikaa ndani ya sanduku siku nyingi kabla sijathubutu. Niliisafisha nyuma ya chumba cha kushonea cha Odette, kwa dawa ileile, kwa maji ya bomba yaleyale, bila kuchemsha. Nikaitundika ikauke. Ilikuwa nzito kwa mwanga mwingi ulioingia, lakini ilisomeka vizuri. Haikuwa na doa hata moja.

Nikatoa picha, nikampa mama. Aliisogeza dirishani. Nyumba inaonekana mara mbili, imesimama na imeanguka, moja ndani ya nyingine. Mama mwenyewe yupo kwenye kiti, hafifu, na yupo tena chini matopeni, wazi zaidi, maana alikaa pale kwa muda mrefu. Na chini ya mparachichi yanaonekana magunia, yamepangwa vizuri, unaweza kuyahesabu.

Mama aliipitishia kidole polepole, kama anatafuta kitu.

"Na Célestin iko wapi?" aliniuliza. "Alikuwa pale. Mi nilimuona, alipita."

Nikamwambia, "Alipita, mama. Hii kamera inashika tu mwenye kubakia."

Hapo ndipo mama yangu alipoililia nyumba yake, kwa mara ya kwanza tangu ianguke.

Nawasihi nyinyi mnaosoma, na hasa nyinyi wazazi wa Kolwezi ambao wanenu wamerudi ghafla na Biblia mpya na magunia mengi: msiogope kusukuma mlango wa nyumba yenu. Mungu hakasiriki mtu akichungulia. Na doa likitokea katika kazi yako, usikubali kuonyeshwa chanzo chake na mtu anayekuletea maji ya chupa. Chunguza maji, chunguza dawa, kisha chunguza ukuta na aliye nyuma ya ukuta, hata kama mmenyonya ziwa moja. Mimi nilichelewa, nyumba ya tata ikaenda.

Na wewe, yaya, kama karatasi hii itakufikia huko uliko: picha nimeitundika ukutani juu ya kitanda cha mama. Njoo siku moja, vua viatu mlangoni, uingie, ujitafute.